Upande wa Dirishani

Kamati ya mazishi ilinishinda. Niliwapelekea picha ya pasipoti ya binti yangu Kahaso, uso mzima, masikio yote mawili nje, na mwenyekiti wao Gedion akairudisha mezani kwa ncha ya kidole.

"Mzee Kalama, hii tutaiwekaje kwenye bango? Anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi."

Wakachagua nyingine. Ile ya kwenye simu ya video, ambayo mimi mwenyewe niliinasa kwenye kioo mwezi wa nane nikawatumia watu kwa majivuno.

Nina studio hapa Mtopanga, mwaka wa ishirini na sita huu. Studio ni neno la kujisifu. Ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa, kiti kisicho na mgongo na kitambaa cheupe ukutani. Nusu ya Kisauni imekalia kiti hicho, na wote wananijua kwa mdomo wangu. Kidevu juu. Usicheke, unaenda kibarua, si harusini. Masikio yaonekane, yote mawili, la sivyo watakurudisha. Wanawake hununa nikiwaambia wavue vilemba, lakini mimi sina mzaha na masikio.

Kahaso alikulia kwenye chumba hicho. Alipomaliza kidato cha nne alinisaidia miaka mitatu, nikamfundisha yote niliyoyajua. Nilimwambia picha ina kuta nne, na kilicho nje ya kuta hizo mtazamaji hatakiona hata kiwe kikubwa namna gani. Mpige mtu kutoka chini, ataonekana mheshimiwa. Mpige kutoka juu, ataonekana anaomba. Alikuwa mwepesi wa kushika. Nilikuwa nikimtania kwamba akiendelea hivyo, mimi ndiye nitabaki kufagia.

Siku moja alikuja mama mmoja wa mtaani, Mwidani, anataka picha ya kuombea kazi. Shavu la kulia lilikuwa limevimba mpaka jicho limefunga. Hakusema kilichompata na sikuuliza. Mumewe tulikuwa tunamjua sote. Nikamkalisha mshazari, uso upande wa dirishani, mtandio nikaushusha kidogo upande wa pili. Mwanga ukaanguka kwenye shavu la kushoto lisilo na jeraha, lile lililovimba likamezwa na kivuli. Kahaso ndiye aliyenishikia kadibodi nyeupe ya kuurudisha mwanga kwenye shavu hilo la kushoto. Picha ilitoka nzuri mno. Mama yule alipoondoka, Kahaso akaniuliza, "Sasa baba, nani atajua?" Nikamjibu kwamba kazi yetu si kujulisha watu, kazi yetu ni kumpa mtu upande wake mzuri.

Mwezi wa kwanza mwaka huu akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Picha ya pasipoti nilimpiga mimi. Nilimsukumia nywele nyuma ya masikio, akacheka, nikamgombeza, akacheka zaidi. Tulikubaliana kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana apige simu ya video. Mimi na mama yake, Dorothy, tukawa tunakaa studio kuisubiri. Tulikuwa na hofu ya kila mzazi mwenye mtoto huko, na tulijiliwaza kwamba maadamu tunauona uso wake kila wiki, likitokea baya tutalijua.

Miezi ya mwanzo alishika simu ovyo. Mara tunaona taa ya darini, mara paji la uso tu. "Umekata kidevu! Ndivyo nilivyokufundisha?" Naye anacheka, anatuzungusha jikoni, anatuonyesha rundo la nguo zinazosubiri pasi.

Mwezi wa nane picha ikabadilika. Simu iliegemezwa mahali, haitikisiki. Alikaa mshazari, dirisha likiwa kushoto kwake, mtandio umeshuka upande wa kulia, nusu ya uso kwenye mwanga na nusu kwenye kivuli. Nilipiga makofi. "Hapo sasa! Hiyo ndiyo picha!"

Dorothy hakupiga makofi. "Mbona hageuki? Mwambie ageuke nimuone vizuri."

"Wewe nawe, hujui picha. Watu wanalipa pesa kwa mwanga kama huo."

Ikawa hivyo Ijumaa saba mfululizo, kiti kile kile, mtandio ule ule. Kabla ya kujibu lolote alitupa jicho pembeni, nje ya picha, ndipo akasema, "Niko salama, mama." Macho hayo nayajua. Mteja akitazama hivyo, kuna mtu amesimama nyuma yangu anamwangalia. Nilijua kuna mtu mle chumbani. Nilidhani ni mtoto wa tajiri wake, anacheza.

Ijumaa ya saba aliniita. "Baba."

"Naam, mwanangu."

"Unaionaje picha?"

"Nzuri. Imetulia."

"Iangalie tena, baba. Upande wa dirishani."

"Nimeiona. Umenishinda mimi mwalimu wako."

Akatazama pembeni. "Haya, baba. Asante." Simu ikakatika, nami nilikuwa bado natabasamu.

Ijumaa tatu hakupiga. Ya nne akapiga wakala aliyempeleka huko. Karatasi iliyokuja na mwili wake inasema moyo ulisimama, basi, mstari mmoja. Kwenye chumba cha maiti nilimgeuza uso kwa mikono yangu. Kovu lilianzia chini ya jicho la kulia likashuka hadi shingoni, na ncha ya pasi ilijionyesha wazi kwenye ngozi. Sikio la kulia halikuwepo, palibaki kipande cha nyama kilichokunjamana. Halikuwa jeraha la juzi. Lilikuwa limekauka, limepona, lina miezi.

Alikuwa akimficha mama yake, na mimi alikuwa akiniambia. Hakuweza kusema kwa mdomo, akasema kwa kitu ambacho mimi peke yangu ningekielewa, Ijumaa saba, na mimi nikampa alama kama mwalimu. Najichukia. Nilipomweleza Dorothy alisema, "Nilikwambia mwambie ageuke," na tangu siku hiyo hajanisemesha.

Nilijaribu kumwambia Gedion kwamba picha ile inaficha. Akanishika bega. "Inaficha nini, mzee? Ametulia, kama anatazama mbinguni. Watu watafarijika." Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Jumamosi bango likatundikwa kwenye lango la kanisa, kabla hatujaondoka kwenda Kaloleni kuzika. Watu walipita wakisimama. Alikuwa mzuri, wakasema. Tazama mwanga ule. Mmoja akanipongeza akidhani nimepiga mimi, nikamshukuru.

Ndipo akaja Mwidani. Sikuwa nimemwona miaka kadhaa. Alilitazama bango mara moja tu, kama mtu anayesoma jina lake, na mkono wake ukapanda taratibu mpaka kwenye shavu lake la kulia. Akanigeukia.

"Pole, Baba Kahaso," akasema. "Walimuumiza upande huu?"

Nikamwambia ndiyo, upande huo.