Pasi ya Kiganja

Dukani kwa shangazi hakuna pasi, ila wateja hawajui. Wanamwona yeye mezani akitabasamu. Nyuma ya pazia nipo mimi na viganja vyangu. Natandika shati, nanyunyiza maji, napitisha mkono, mikunjo inanyooka. Umeme ukikatika mtaa mzima sisi tunaendelea, na majirani husema shangazi ana mkono wa baraka. Mkono ni wangu. Baraka sijaiona.

Joto langu hufuata moyo. Nikikasirika, kola hufuka moshi. Nikifurahi ni balaa zaidi, ndiyo maana shangazi hanitanii, na sahani yangu huisukuma kwa mwiko mrefu. Simlaumu. Lakini upweke ni kitu kibaya, jamani. Kuna siku nimejizungushia mikono ya koti la mteja nipate kujua kukumbatiwa kukoje.

Mama alinileta hapa nikiwa mdogo. Siku hiyo alikuwa ametoka kazini, nikamrukia kwa furaha, nikamshika bega. Tangu hapo hakuja, mpaka jana asubuhi nilipomsikia shangazi akisema, "Wifi, leo umepotea njia?"

"Nina gauni la kupiga pasi. Nasafiri mchana." Akashusha sauti. "Yupo?"

"Yupo. Ila usivuke pazia."

Gauni likapitishwa chini ya pazia, jeupe. Nilijua kabisa kwamba nikiliunguza, mama hatarudi tena. Nikajaribu dawa zangu zote za kupoza mikono: nikawaza mtaro wa nyuma, nikawaza shangazi anavyokoroma. Nikachovya mikono kwenye ndoo, maji yakachemka. Hata hivyo mikono ya gauni ilinyooka salama, na ukosi pia. Ukabaki mgongo.

"Mwanangu," mama akaita kutoka upande wa pili, "hujambo?"

Hakuna mtu mwingine anayeniita hivyo. Moshi ukapanda. Nilipoinua mkono, kiganja changu kilikuwa katikati ya mgongo wa gauni, cha kahawia, vidole vyote vitano.

Shangazi akavuta pazia. "Ndiyo yale yale. Wifi, niwie radhi, nitakushonea jingine."

Mama alilichukua gauni, akashusha blauzi begani. Kovu lilikuwepo bado, kiganja kidogo cha mtoto. Akaweka kile kikubwa kando yake, akaviangalia kwa muda.

"Umekua," akasema.

Akalivaa juu ya nguo zake, likiwa bado la moto. Nikapiga hatua kumwendea.

"Usije," akasema, machozi yakimtoka. "Bado nakuogopa, mwanangu. Siwezi kukudanganya. Lakini hili nalivaa."

Shangazi akamsindikiza mlangoni. Nikachungulia dirishani. Watu walimwangalia mgongoni, yeye akaenda tu bila kugeuka, mkono wangu ukiwa umemshika mpaka kwenye kona.