Taka ni Ile Iliyokatwa

Kufikia saa nne ya chai, Jael alikuwa amekata adapta mia mbili na nne. Alifungua kisanduku, akararua nailoni, akakata waya karibu na kichwa cha kuchomeka, vipande viwili akavitupa guniani. Godauni hilo la Kabiro lilikuwa limejaa visanduku hadi darini. Hakuna adapta iliyokuwa mbovu. Zilikuwa za mwaka jana, basi.

"Zikitoka nzima zitauzwa mtaani mia tatu," Thuo, msimamizi, alimweleza siku ya kwanza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kunawa mikono. "Nani sasa ataingia dukani kununua ya elfu saba?"

Katika ripoti za kampuni, kazi hiyo iliitwa kutunza mazingira.

Binti wa Jael, Christine, alikuwa amepata kazi ya kuchapa mahojiano kwenye kompyuta, nyumbani kwao Kisumu Ndogo, Kibera. Waajiri walitaka intaneti ya waya. Laptop yake ya mtumba haikuwa na tundu la waya huo. Ilihitaji adapta, hii hii. Kazi ilianza Jumatatu. Asiyekuwa hewani saa mbili asubuhi, nafasi yake ilikuwa na mwenyewe tayari.

Ijumaa Jael aliomba. "Boss, nipe moja tu. Unikate kwa mshahara."

Mshahara ulikuwa mia tano kwa siku. Thuo alicheka.

"Mathe, nikikupa wewe, kesho Kibera yote iko hapa kwa geti. Hii ni mali ya kampuni."

"Si mlisema ni taka?"

"Ni taka ukishaikata."

Jioni aliifunga moja ndani ya kitambaa cha kichwa. Askari wa kike aliyekagua wanawake getini alianzia hapo hapo, kichwani. Thuo aliitwa. Hakupiga kelele wala hakutaja polisi. Alikuja na koleo.

"Kata."

Jael alikata.

Kwenye daftari la hesabu ya zilizokatwa siku hiyo, Thuo akaandika mia sita na kumi na moja, akampa kalamu atie sahihi, kisha akamwekea vipande vyote viwili kiganjani.

"Sasa ni yako. Jumatatu usichelewe."

Nyumbani, Christine alichomeka kipande chenye kichwa kwenye laptop. Kiliingia sawasawa, kikakaa imara, waya wa urefu wa kidole ukining'inia nje.