Baba Chiriku Ananukia Sabuni

Mwanamume anayeshinda akipuliza dawa kwenye mabanda ya maua anapaswa kurudi akinuka dawa. Baba Chiriku alikuwa akirudi ananukia sabuni, nywele mbichi, uso umetakata kama wa bwana harusi. Ameoga wapi? Kwa nani?

"Ovaroli yako iko wapi?" mkewe alimuuliza.

"Kazini."

"Anaifua nani?"

"Inafuliwa."

Tangu waoane, ovaroli ile aliifua Mama Chiriku, kama wake wote wa wapuliza dawa. Aliitumbukiza kwenye beseni moja na nguo za mtoto ili povu lisipotee bure. Leo imepata mfuaji mwingine?

Jirani yao, fundi cherehani, hakumsaidia kutulia. "Inafuliwa!" alicheka, pini zikiwa mdomoni. "Yaani imejiingiza majini yenyewe, ikajisugua na kwapa? Mwenzangu, fumbua macho."

"Acha kuchochea."

"Nichochee nini, na moto unawaka wenyewe?"

Mama Chiriku naye alikuwa mvunaji wa waridi palepale kazini kwa mumewe, ila wapuliza dawa hutoka mapema kuliko wavunaji. Basi siku moja akasingizia kichwa, akaomba ruhusa, akamfuata mumewe kwa mbali, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi. Baba Chiriku alikata kona, akatazama nyuma mara mbili kama mwizi wa kuku, akapenya uani kwa wafyatua matofali. Mkewe alikuwa amekwisha kupanga matusi, makubwa mbele, madogo nyuma.

Akachungulia. Mwanamke hayupo. Mumewe amechutama bombani na bukta yake, anajisugua shingo kwa dodoki mpaka ngozi inaiva. Kando yake, mpuliza dawa mwenzake, yule wanayemwita Mrefu, anafua ovaroli mbili ndani ya pipa lililokatwa.

"Hivi ndiye hawara mwenyewe huyu?" Mama Chiriku aliropoka.

Mrefu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyesahau namna ya kucheka. "Shemeji, mimi ndiye niliyemharibu mumeo. Mwanangu yuko wodini. Saratani ya damu."

Matusi yote yalimyeyuka mdomoni. "Pole, shemeji. Pole sana."

"Daktari aliniuliza nafanya kazi gani. Nikashangaa, mbona mtoto alipougua homa hakuna aliyeniuliza kazi? Nikamwambia. Akasema saratani hiyo imeonekana zaidi kidogo kwa watoto ambao wazazi wao hushika dawa hizi kazini. Kwamba ndizo zilizomletea wangu ugonjwa, hawezi kuapa. Wengi hawaugui kabisa. Lakini tusizipeleke nyumbani, alisema, si kwa nguo wala kwa ngozi."

Mama Chiriku alimgeukia mumewe. "Na ukaninyamazia?"

"Ningekwambia nini, mke wangu? Kwamba kila jioni nilipombeba mwanetu nilikuwa namletea na haya?" Povu lilimtiririka jichoni, hakulifuta. "Nilitaka niyamalize huku huku, wewe ulale usingizi."

Hasira ilimtoka, lakini shaka haikutoka nayo. Ilihama tu. Alilifikiria lile beseni, akalifikiria na kifua chake, ambapo Chiriku hulala kila mama yake akirudi kutoka kazini, kabla hata hajavua aproni.

"Na mimi je?"

"Wewe hupulizi."

"Sipulizi, lakini nyinyi mkitoka mlango huu, sisi tunaingia ule. Majani yanatulowesha mpaka viwikoni. Unadhani ule ni umande?"

Mrefu akaacha kufua. Mama Chiriku alipandisha mikono ya gauni, akasogea bombani, akaomba sabuni.

Asubuhi iliyofuata, wavunaji walipoingia bandani na ndoo zao, yeye alibaki nje.

"Wewe vipi?" msimamizi aliuliza. "Unangoja kadi ya mwaliko?"

"Nangoja majani yakauke, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Nina mtoto mdogo nyumbani."

"Dawa hii haina neno. Ni ya maua tu, mama. Nani amekujaza maneno?"

Hakumtaja mtu. Alimtazama msimamizi kuanzia viatu vyake safi hadi shati lake lililonyooka. Ilimjia kwamba katika miaka yote hii hakuwahi kumwona akivuka kizingiti cha banda asubuhi. Huita majina akiwa hapa hapa, kwenye upepo.

"Kama haina neno," alisema taratibu, kwa adabu zote, "tangulia basi, bosi. Nitakufuata."

Ndani, ndoo ziliacha kugongana. Wavunaji waligeuza shingo, wakatazama miguu ya msimamizi.

Haikusogea.

Mwanamke wa kwanza akatoka, akipangusa mikono kwenye nyasi.