Talaka ya Betri

Pale Cicadas, mjini Bandung, mtu akitaka kununua betri ya vepu, kile kifaa cha kuvuta mvuke, alikuwa haanzii dukani. Alianzia kwa Yayat. Yayat mwenyewe hauzi kitu. Ni fundi wa viyoyozi, mwenye kitambi na sauti ya kuamsha mtaa, lakini katika kundi la wapenda mvuke yeye ndiye aliyekuwa mufti wao. Unamkuta kibarazani anakunywa bandrek yake, tangawizi inamtoa jasho puani. Unampa betri, anaigeuza, anaikodolea macho.

"Hapa wameandika ampea arobaini. Nawe umeamini?"

"Si imeandikwa, Kang?"

"Ha! Basi na mimi nikijiandika usoni 'Sultani', utanipigia magoti. Katupe hii, kabla haijakutupa wewe."

Watu walicheka, na walimsikiliza Kang wao, yaani kaka yao. Aliwafundisha wasinunue kwa mtu wasiyemjua. Aliwafundisha kwamba ganda la plastiki likichanika, hata kidogo tu, betri isitumike mpaka ivalishwe ganda jipya. Aliwakataza kuitia mfukoni pamoja na funguo na sarafu: "Ikipiga shoti humo mfukoni, bwana, wajukuu utawasikia kwa majirani." Lakini somo lake kubwa, lile alilolirudia mpaka watoto wa mtaa walilijua, lilikuwa la ndoa. Betri za kifaa cha betri mbili ni mume na mke. Zinanunuliwa pamoja, zinachajiwa pamoja, zinazeeka pamoja. Ukiitoa moja ukaweka kongwe mahali pake, ile yenye nguvu itaisukuma ile iliyochoka mpaka ichemke, na ugomvi wa betri hauna msuluhishi.

Aliyewauzia betri hizo alikuwa Teh Entin, yaani dada Entin, mwanamke wa makamo aliyeacha kazi kiwanda cha viatu, akaweka akiba yake yote kwenye kibanda kidogo ubavuni mwa muuza vitumbua vya surabi. Mtu akinunua jozi, Teh Entin huzishika zote mbili mkononi na kuzisomea: "Nimewaozesha. Msije mkaachana nikapata lawama." Halafu hucheka mwenyewe. Feki hakuuza. Alipokuwa na shaka na mzigo, aliurudisha, hata msambazaji anune vipi.

Haya, sasa nikwambie alichofanya mufti wetu. Nakwambia, na hasira zangu bado hazijapoa.

Kulikuwa na mashindano ya mawingu, Jumapili, mtu atoe mvuke mkubwa kuliko mwenzake. Kifaa cha Yayat ni cha betri moja, na betri yake ilikuwa imechoka. Ukikivuta, kinatoa kiwingu cha chai. Kununua mpya angeweza. Ila Ijumaa hiyo Teh Entin alikuwa ameishiwa betri, na Yayat, aliyekwishamtambia kila mtu kwamba mwaka huu ni wake, hakutaka aibu. Sasa, hapo kibarazani kwake kilikuwepo kifaa cha Cecep, kimeletwa kubadilishwa waya. Kifaa cha shaba, cha betri mbili, hakina chipu ya kumlinda mtu. Betri zake ndiyo kwanza zimeozeshwa.

Cecep ni mpiga ngoma. Anapiga kendang harusini, na mkono wake wa kulia ukishuka kwenye ngozi ya ngoma, hata bibi harusi mwenyewe husahau kulia. Ni mpole, naye alikuwa anamwamini Yayat kuliko anavyowaamini madaktari.

Yayat akaitoa betri moja ya Cecep akaitia kwake. Pale ilipotoka akaweka ile yake kongwe, kwanza akaivalisha ganda jipya la kijani ili ifanane na mwenzake. Jamani! Mtu akikosea kwa kutojua tunasema bahati mbaya. Huyu aliivalisha. Alilipuliza ganda kwa hewa moto, taratibu, likabana vizuri, huku akijiambia, "Jumatatu narudisha."

Jumapili akashika nafasi ya tatu, akapewa kikombe cha bati. Jumatatu asubuhi, kabla hajarudisha kitu, Cecep akaja kuchukua kifaa chake. Akakuta majirani, akaanza kumsifu: "Huyu kaka yangu, bila yeye mimi ningeshaungua zamani!" Ilikuwa ni kusema tu, "Ngoja kidogo, bado sijamaliza." Maneno manne hayo. Lakini sifa zilikuwa tamu, na watu walikuwa wanasikiliza, naye akamwachia mwenzake aende. Baadaye ikawa nitamwambia kesho, na kesho haikumpitia mlangoni.

Betri ile ilichemka harusini, Cecep akiwa amepumzika nyuma ya turubai na kifaa chake mkononi. Alihisi moto, akasikia kitu kinazomea ndani ya shaba. Angeweza kukitupa. Ila mbele yake watoto walikuwa wanagombania pipi, basi alikikumbatia kwa kiganja, akakimbia nacho mpaka mtaroni. Mkono wa kulia. Daktari alisema ngozi itaota, lakini vidole hakuviahidi.

Yayat alipopata habari, aliacha sahani mezani. Hospitali alikwenda, alibeba machungwa, alikaa kitini, na neno hakulisema. Akajipa moyo kwamba mgonjwa asisumbuliwe. Mwongo hakosi sababu.

Siku Cecep aliporuhusiwa kutoka hospitali, Yayat akapigiwa simu na Jajang, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa likizo. "Kang, njoo kwa Entin sasa hivi. Kundi zima tupo. Kauza feki huyu mwanamke! Njoo utoe hukumu, tumalize."

Akafikiria kusema anaumwa. Lakini asipokwenda watamwuliza kwa nini, akaenda.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya kibanda, hata muuza surabi ameacha vikaango vyake. Cecep alikuwa amekaa kwenye stuli, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Juu ya meza kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo mabaki: betri moja nzima, na nyingine imepasuka kichwani, nyeusi, vipande vya ganda la kijani vimegandia ubavuni.

"Mpisheni mufti!" alipiga kelele Jajang. "Kang, tazama mwenyewe. Ganda la kijani, jozi ya kwake huyu. Tunataka neno lako tu, tutangaze kwenye makundi yote ya Bandung. Kesho asimwuzie mtu hata kiberiti."

Teh Entin alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono ameifumbata ndani ya ushungi wake. Alimgeukia Yayat.

"Kang, wewe unanijua, na betri unazijua. Tazama, useme haki. Ukisema ni feki, nafunga leo leo, sitabishana."

Yayat akaichukua ile betri. Aliitambua kama mtu anavyotambua ndala zake msikitini. Hata mbonyeo mdogo karibu na kitako aliujua, aliiangusha mwenyewe mwaka juzi, sakafuni kwake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni ikamwasha masikio. Macho yote yanamtazama yeye, na yote yanamheshimu.

Akakohoa. "Siku hizi," alisema, "feki ni nyingi. Hata muuzaji mwaminifu anaweza... anaweza kudanganywa."

Hayo ndiyo aliyosema. Hakudanganya, ukiyapima neno moja moja. Yakipimwa pamoja, alimchinja mwanamke wa watu.

"Si nilisema!" Jajang akapiga meza.

Teh Entin hakulia wala hakupiga kelele. Alianza kuteremsha maboksi kwenye rafu, moja moja, anayapanga chini. "Nilidhani naziangalia vizuri," alisema, na hakuwa anamwambia mtu. "Macho yamenizeekea, labda." Kisha akatoka nyuma ya meza, akamwendea Cecep, akapiga magoti palepale kwenye matope ya kibandani mbele ya watu wote. "Nisamehe, Cecep. Mkono wako huo nimeula mimi. Sikujua, wallahi sikujua. Nisamehe."

Cecep alihangaika kumwinua kwa mkono mmoja. "Dada, inuka bwana, inuka, usinifanyie hivi."

Hapo ndipo Yayat alipovunjika. Mtu mwingine kubebeshwa lawama angevumilia, naona aibu kusema lakini angevumilia. Kilichomshinda ni kusikia mtu anaombea msamaha dhambi ambayo ni yake yeye, na anaomba vizuri hivyo.

"Inuka, Entin," alisema. "Si wewe. Ni mimi. Betri ni yangu."

Kisha Jajang akacheka, akampiga begani.

"Mnamwona mtu mzima? Kamwonea huruma mwanamke, anajitwika mzigo wake! Mungu akupe umri, Kang. Watu kama wewe wamekwisha duniani."

"Kweli kabisa," alisema muuza surabi. Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Teh Entin naye, ambaye machozi hayakumtoka alipokuwa anashtakiwa, sasa yalimtoka. "Usijitwike, Kang. Nashukuru, lakini usijiharibie jina kwa ajili yangu."

Loo! Na nisikufiche: kwa kitambo cha kumeza mate, Yayat alitamani iishie hapo. Amekiri, mbele ya mashahidi. Kama hawataki kuamini, yeye afanyeje? Amepata toba na sifa kwa pamoja, na nyumbani atalala. Alihisi hata kifua kinamtanuka kidogo, kama Jumapili ile alipopewa kikombe. Ni hicho kifua kilichomtia kinyaa. Akamtazama Cecep, na Cecep alikuwa anamtabasamia, macho yamejaa, kijana anajivunia kaka yake.

Yayat akatia mkono mfukoni akatoa kifaa chake. Akakifungua, akamwekea Teh Entin betri kiganjani. Kisha akachukua ile iliyoungua, akabandua kipande cha ganda kilichobaki, bati likaonekana.

"Yangu hiyo ivue ganda. Ile nzima iliyomo koponi, ivue pia. Halafu soma namba za kiwandani, kwa sauti."

Teh Entin akavua kwa ukucha, akavaa miwani, akasoma. Betri iliyotoka mfukoni kwa Yayat na ile iliyobaki kwa Cecep zilikuwa na namba moja, mzigo mmoja, mwezi mmoja. Ile iliyoungua ilikuwa na namba ya miaka kadhaa nyuma, wakati ambapo kibanda hiki hakikuwepo, na Teh Entin bado anagonga soli kiwandani.

"Niliibadilisha alipoleta kifaa chake," alisema Yayat. "Kwa ajili ya mashindano. Ile kongwe nikaivalisha ganda jipya asijue."

Jajang akasema polepole, "Yaani umekuja hapa, umekaa, ukahukumu?"

Yayat akairudisha ile iliyoungua koponi.

"Kang," alisema Teh Entin. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ingekuwa heri kama angemtukana. "Nilipokuwa nateremsha maboksi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nilipopiga magoti?"

"Nilikuwa najua."

Teh Entin akatikisa kichwa, akaanza kurudisha maboksi rafuni. Mmoja akaenda kumsaidia, na wa pili. Hakuna aliyempiga Yayat, hakuna aliyemfukuza. Walimzunguka tu, wakipita na maboksi, kama watu wanavyolizunguka gogo lililoanguka njiani.

Alimwendea Cecep. "Cecep, mdogo wangu. Nitalipa matibabu, nitafanya lolote utakalosema. Nitukane basi."

Cecep alikuwa anautazama mkono wake uliofungwa. Hakuonekana mwenye hasira, alionekana mtu aliyechoka sana.

"Ungeniomba, Kang," alisema. "Zote mbili ningekupa."

Akasimama, akachukua chini ya stuli kofia aliyokuja nayo akipakiwa pikipiki, akaivaa kwa mkono mmoja, ikakaa upande. Ukanda wa kidevuni ukawa unaning'inia, na kwa mkono mmoja haukufungika. Alijaribu, ukamponyoka, akajaribu tena. Yayat alikuwa karibu naye kabisa. Akanyoosha mikono yake yote miwili amfungie, jambo dogo, jambo ambalo mtu humfanyia hata asiyemjua.

Cecep akarudi nyuma hatua moja. Akageuka, akaupeleka uso wake kwa Teh Entin, akainua kidevu.

"Dada," alisema, "nifungie wewe."