Alikata Simu Mara Tatu

Tuliofanya mtihani wa kuomba kazi ya usahihishaji asubuhi ile tulikuwa sita. Ukurasa ulikuwa mmoja, umejazwa makosa makusudi. Mimi niliyaona yote kumi na manne. Meneja wa kiwanda cha uchapaji aliitazama karatasi yangu, akaitazama tena, kisha akamgeukia dada yangu, aliyekuja kunitafsiria kwa ishara.

"Huyu kasaidiwa na nani?"

"Na macho yake," dada alimjibu. "Halafu muulize mwenyewe, bosi. Mimi mdomo tu, kichwa ni chake."

Dada alinitafsiria vyote, swali na jibu, huku akinikonyeza. Nilicheka peke yangu. Meneja alisema kitu, masharubu yake yakakimeza.

"Anasema watakupigia simu," dada alinieleza, vidole vyake vikiwa vizito.

Nikaandika kwenye fomu, chini ya namba yangu: *Sisikii. Tafadhali nitumieni ujumbe.* Meneja aliitikia kwa kichwa bila kusoma.

Siku nne nilikaa na simu mezani. Dada alikuwa kazini kutwa. Chumba chetu kina dirisha moja, linatazamana na ukuta wa jirani, na tangu nimalize chuo nimezijua nyufa zake zote. Siku ya tano simu ikatetemeka. Namba ya kiwanda! Nikaikata, nikaandika harakaharaka: *Ni mimi. Naomba mniandikie.* Ikatetemeka tena. Nikakata, nikatuma tena. Mara ya tatu vivyo hivyo. Kisha ikatulia, na haikutetemeka tena.

Nilivaa gauni lile lile la usaili, nikaenda kiwandani kwa miguu.

Nilimwonyesha karani wa mapokezi ujumbe niliotuma. Alinigeuzia uso, akasema taratibu, nikaisoma midomo yake. "Jamani, mdogo wangu! Hiyo ni simu ya mezani. Ujumbe hauingii." Akajiziba mdomo kwa kiganja, akakumbuka, akakiondoa. "Wameshachukua mwingine. Anaanza kesho."

*Yeye aliona makosa mangapi?* niliandika.

Aliutazama kwanza mlango wa meneja. Kisha akanyoosha vidole: tisa.

Nilimwonyesha kwa mkono daftari la waombaji lililokuwa mezani pake. Akasita, akalifungua. Kando ya jina langu palikuwa na mwandiko wa meneja: *Alikata simu mara tatu. Hana adabu.*

Nilitoa kalamu yangu nyekundu. Nilisahihisha kama tulivyofundishwa chuoni: mstari mmoja mwembamba, ili maneno ya zamani yaendelee kusomeka, na juu yake mapya. *Hasikii. Aliomba aandikiwe.* Karani hakunizuia. Alisoma, akaliacha daftari wazi.

Nje, wafanyakazi walikuwa wanatoka kwenda kula, midomo yote inakwenda kwa pamoja. Nilisimama kando ya lango nikijaribu kuokota hata neno moja. Walinipita huku na huku, wakicheka jambo lao.