Aliyeingia Mwisho Hurudi Kwanza

Saa tisa na robo alasiri Nalianya alitoka mtaa wa Raila, dada yake Bridgit kando yake ndani ya pikapu, na moyoni ana ombi moja tu: amwone baba kabla jeneza halijafungwa. Gari la maiti lilikuwa mtaa wa Kabiro, Kawangware, nje ya nyumba aliyopanga mzee miaka thelathini. Saa kumi lingeondoka kwenda Bungoma. Katika ukoo wao, jeneza likishafungwa kwa safari halifunguliwi tena, hata aje nani.

Pikapu ilikuwa ya mzee. Mwaka jana, mbele ya wateja wao wa mizigo, Nalianya alimwambia, "Baba, unaendesha kama konokono. Shuka." Mzee alishuka, akamwachia ufunguo, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Lakini konokono yule hakuwahi kuchelewa. "Barabara haipiganwi, inasomwa," alizoea kusema. Acha nafasi mbele yako. Ukiona mikokoteni mingi, jua soko limefurika, zunguka mapema. Na mkikutana uso kwa uso, aliyeingia mwisho hurudi kwanza.

Leo Nalianya aliisoma. Kwenye Ngong Road alijibanza nyuma ya basi la shule, akalifuata polepole bila kuhama laini, na waliompita kwa fujo akawakuta Dagoretti Corner wamekwama. Alipokata kulia kuelekea Kawangware, ilikuwa bado dakika ishirini kufika saa kumi.

Simu ikalia. Baba mdogo Ambrose.

"Mko wapi? Mchungaji amemaliza mapema. Dereva hataki giza limkute kwenye milima ya Mau."

"Nipe dakika kumi, baba mdogo."

"Kumi sina."

Bridgit akapiga dashibodi kofi. "Bro, kanyaga basi. Unaendesha kama mzee."

Neno lilimwingia palepale alipomchoma babake. Akakata usukani kulia, akaingia upande wa wanaokuja. Akapita magari manane ya foleni. La tisa halikumpa nafasi ya kurudi, na mbele yake lilisimama lori la maji. Nyuma, matatu tatu zilikuwa zimemfuata, kama kawaida yao. Njia ikafungwa kabisa.

"Rudi," Bridgit alisema.

"Nirudi wapi?"

Ndipo alipoona, nyuma ya lori, gari jeupe la maiti lenye vitambaa vyekundu kwenye vioo. Lilikuwa linakwenda kujaza mafuta Dagoretti Corner. Akashuka mbio. Ambrose, aliyeketi kando ya dereva, aliteremsha kioo.

"Jeneza limefungwa?"

"Limefungwa, mwanangu."

"Dakika moja tu. Uso tu."

"Nalianya. Unajua."

Dereva akapiga honi, akasonya. "Ni mjinga gani ameziba huko mbele?"

Ambrose alimtazama Nalianya, akiuliza vilevile kwa macho. Nalianya alirudi akawasihi wenye matatu warudi nyuma, mmoja baada ya mwingine, wakimtukana. "Si ni wewe umetuleta huku?" mmoja alisema, na ilikuwa kweli.

Walipoanza kurudi, naye akapanda pikapu akarudi nyuma. Lori lilipanda ukingo wa barabara likapita. Gari jeupe likasogea hadi karibu liguse pua ya pikapu. Bridgit alikuwa akilia, amelitazama. Nalianya hakuweza kutazama. Anayerudi nyuma hutazama nyuma. Shingo imegeuka, alimpisha babake hatua kwa hatua, polepole kama konokono.