Vidonge vya Uso

Mama alivikuta vidonge chini ya mto wangu, siku aliyokuja chumbani kwangu Gatitu, nje ya mji wa Nyeri, kuniletea viazi. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, pakiti mapajani, akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni nani?"

"Nani nini, mami?"

"Mwanaume. Hizi ni za kupanga uzazi, Kagure. Usinifanye mjinga."

Alikuwa amekasirika, lakini nyuma ya hasira niliona tabasamu likizuiwa kwa nguvu. Nina miaka thelathini na moja. Mdogo wangu Nduta ndiye aliyekuwa akisubiri kulipiwa mahari. Nikanyamaza, na kwetu msichana akinyamaza amekubali.

"Angalau anaenda kanisa?" mama akauliza.

Kweli yenyewe ilikuwa kavu. Chunusi za taya na kidevu, zile ngumu zinazouma hata ukiulalia mto, hazikuniacha tangu shule ya upili. Daktari wa ngozi mjini Nyeri alinipima presha, akauliza kama navuta sigara, kama kichwa huniuma upande mmoja, kama kuna mtu kwetu aliyewahi kuganda damu mguuni. Kisha akaniandikia dawa mbili za kwenda pamoja: kidonge cha kila siku, kile kile cha kupanga uzazi, cha kutuliza homoni zinazoijaza ngozi mafuta, na krimu ya kupaka usiku ili vinyweleo visizibe.

"Moja peke yake itakuchelewesha," alisema. "Hata zote mbili si za haraka. Ngoja miezi mitatu ndiyo unitukane."

Aliniuliza pia kama nina mwenzi, kwa kuwa krimu ile haifai mtu akibeba mimba. Nilisema sina. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuandika.

Mwanzoni uso ulibambuka kama kiazi kilichochemshwa. Nilipaka, nikameza, nikaenda kazini, nikarudi. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Siku ya mahari, nyumbani karibu na Kutus, wasichana tulifunikwa leso kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, Nduta akiwa kati yetu, ili mchumba wake, Njagi, amtambue bila kuona sura. Akikosea, analipa mbuzi. Ukoo mzima huniita kwa kazi hii. Nafunikika vizuri.

Nyuma yangu, kwenye benchi, alikaa Tata Watiri, dada ya mama, na jirani yetu mmoja. Hawakujua ni nani aliyesimama mbele yao.

"Magdaline ameniambia Kagure ako na mtu huko Nyeri," alisema Tata, akimtaja mama kwa jina.

"Wacha! Na ule uso?"

"Ati anameza zile za kupanga. Magdaline ameziona na macho yake."

"Basi huyo mwanaume ni kipofu. Ama anakujanga usiku stima ikipotea."

Walicheka mpaka benchi likalia. Hata mimi nilicheka kidogo ndani ya leso, maana ilikuwa imetungwa vizuri. Kisha hewa ikaniishia.

Njagi alipita, akainama kuangalia vidole vyangu vya miguu, akaenda zake. Vigelegele vilipopigwa upande wa pili nilijifunua mwenyewe, nikaenda jikoni kwa mama.

"Mami, hakuna mtu."

"Mtu gani?"

"Wa Nyeri. Zile ni dawa za uso. Kidonge cha kumeza na krimu ya kupaka. Daktari ndiye amenipa."

Akaweka mwiko chini. Akanishika kidevu na kunigeuza kwenye mwanga wa mlango, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo.

"Zimepungua," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

"Hata wa kukupigia simu tu?"

"Hata huyo."

Nilidhani atamshukuru Mungu kwamba bintiye hakuharibika. Badala yake alikitazama kidevu changu kana kwamba nimemletea habari za msiba.

"Na mimi nishamwambia Watiri," alinong'ona.

Jioni, wageni walipokuwa wakiagana, mama alinifuata mpaka langoni na mabakuli mawili yaliyofungwa kwa kitambaa. Tata Watiri alikuwa karibu, anatazama.

"Hii ni yako," mama alisema, sauti juu. "Na hii ni ya huyo mgeni wetu. Mwambie tunamngoja."

Macho yake yalikuwa yakiniomba. Sijawahi kumwona mama akiniomba kitu.

"Nitamwambia, mami."

Tata akapiga makofi.

Nilipofika Gatitu nilikula bakuli langu kitandani: wali, maharagwe, kipande kimoja cha nyama. Halafu nikafungua la pili. Mama alikuwa amelijaza hadi mdomoni, na mbavu zote za mbuzi zilikuwa humo.